Akademi mbili za mpira, mtoto mmoja: nilicholipia na nilichokipata Mbagala

Wazazi wenzangu habari zenu. Tangu Ibra aanze kubeba begi la njumu kila Jumamosi sipiti mtaa mmoja bila kuulizwa, mama Ibra umempeleka wapi, bei gani, na wa kwetu naye anapenda mpira balaa, na kila siku naeleza nusu nusu, mara kwenye foleni ya maji mara juu ya bodaboda, sasa leo nimekaa nieleze yote kwa pamoja. Mwanangu saivi ana miaka 13. Alianza akademi akiwa na 10 na miezi. Amepita mbili, ya kwanza tulikaa mwaka na miezi minne, hii ya pili tunaenda mwaka wa pili. Majina siandiki. Ya kwanza kwa sababu sitaki ugomvi na mtu, ya pili kwa sababu kocha mwenyewe kaniomba, ana watoto 64 na wasaidizi wawili na anasema akiongezwa kumi tu kazi inaharibika. Lakini nitaeleza kila kitu ili ukienda popote pale ujue unaangalia nini.

Naanza na ile ya kwanza. Uwanja ni wa nyasi bandia, wa kukodi, unafika getini unapokelewa vizuri, kuna bango, kuna kijana wa kupiga picha, jioni picha ya mwanao imeshaingia kwenye grupu la WhatsApp amevaa jezi yenye jina mgongoni. Usajili 30,000, ada 60,000 kwa mwezi, jezi seti mbili 70,000. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa cha ile jezi najua Kariakoo kinauzwaje kwa jora, lakini nililipa na sikunung'unika kwa sababu mtoto alikuwa analala na ile jezi. Baba yake alisema miezi mitatu tu ataichoka, hajaichoka mpaka leo.

Miezi ya mwanzo nilikuwa namshusha naondoka. Siku moja oda ilikuwa imekwisha mapema nikakaa kwenye benchi nikaangalia trening mwanzo mpaka mwisho, na ndo siku niliyoanza kuona. Watoto walikuwa ishirini na tano hivi, mipira sita. Wanapanga mstari mrefu, anakimbia mmoja anazunguka koni anapiga golini anarudi nyuma ya mstari, anasubiri. Nikaanza kuhesabu kwenye simu kila Ibra anapogusa mpira. Dakika kumi kagusa mara nne. Nne tu jamani! Muda wote uliobaki kasimama mikono kiunoni kama mtu anayesubiri daladala. Alafu mipira yenyewe ni namba tano, ile ya watu wazima, mtoto wa miaka kumi mguu wake mdogo, ikimgonga kifuani anayumba. Umri ule walitakiwa mpira namba nne, mwepesi na mdogo, mtoto ajifunze kuutuliza bila kuuogopa. Mi sikujua wakati ule, nilikuja kuambiwa baadae na kocha wa pili, lakini ile hesabu ya mara nne ilinikaa kichwani, kwa sababu huyu huyu Ibra akiwa na wenzake kule nyuma ya nyumba wanacheza chandimu, watoto watano kwa watano, mpira wa makaratasi na kamba, hiyo mara nne anaigusa ndani ya dakika moja.

Yaani nalipa 60,000 mtoto agusa mpira kidogo kuliko anapocheza bure.

Jambo la pili ni goti. Akiwa na 11 na nusu alianza kurefuka ghafla, suruali za shule nashusha pindo kila baada ya mwezi, na akaanza kulalamika maumivu chini kidogo ya kofia ya goti, pale kwenye kamfupa kanakojitokeza, ukigusa analia. Kocha akasema ni uvivu, afunge bandeji akimbie. Nikampeleka hospitali, daktari kaangalia kasema ni kitu cha kawaida kwa watoto wanaokua na wanacheza sana, mfupa unarefuka haraka, msuli wa paja unavuta pale ulipojishika, dawa yake ni kupunguza kukimbia na kuruka, barafu, kunyoosha misuli taratibu, kitaisha chenyewe akimaliza kukua. Nikapeleka karatasi ya daktari. Jumamosi iliyofuata nikamkuta mwanangu anapigishwa mbio za kuruka koni na wenzake. Hapo ndo moyo ulianza kutoka. Mtoto anayetegemewa acheze mpaka miaka thelathini na kitu, unamuumiza ana kumi na moja ili ushinde bonanza la wikiendi?

Lakini kilichotuondoa kabisa ni Uturuki. Kikaitishwa kikao cha wazazi, akaja bwana mmoja kavaa vizuri, akatambulishwa kama wakala, akasema amechagua watoto wanane wenye kipaji cha juu na Ibra yumo, wataenda majaribio kwenye klabu ya Uturuki na wakifaulu wanabaki huko huko, kila mzazi atangulize 450,000 ya kushughulikia makaratasi. Wanawake wawili pale walilia kwa furaha, na mimi nusura. Nikamwomba siku tatu. Kaka yangu anafuatilia mambo ya mpira kuliko mtu yeyote ninayemjua, nikampigia, akaniuliza swali moja, Ibra ana miaka mingapi? Kumi na mbili. Akasema basi hiyo haipo dada. FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kuna vighairi vichache tu, kama wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zao ambazo hazihusu mpira, au watoto wanaokaa karibu kabisa na mpaka, au kuanzia 16 kwa wanaohama ndani ya Ulaya kwenyewe. Mtoto wa Mbagala wa miaka 12 hayumo humo. Akanipa mfano wa Kelvin John, yule aliyetamba na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, kila mtu alikuwa anamjua toka mdogo lakini Genk ya Ubelgiji wamemsaini mwaka 2021 alipotimiza 18, na huyo ni mtoto aliyekuwa anatafutwa kweli kweli.

Sikutoa ile hela. Waliotoa wapo, hiyo safari haikufanyika na mpaka leo wanazungushwa. Kama kuna sehemu moja tu ya hii rivyu utaisoma vizuri naomba iwe hiyo.

Na kaka yangu hakuishia hapo, siku ile aliongea mpaka vocha ikaisha akapiga tena. Akaniambia, dada, nyie mnakaa Mbagala, si mnamjua Samatta alivyopita? Alikuwa mtoto wa hapa hapa, akacheza Mbagala Market ambayo baadae ikawa African Lyon, akaenda Simba, kutoka Simba mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe kule Lubumbashi, na huko hakukaa miezi sita, kakaa kama miaka mitano, kabeba ubingwa wa Afrika 2015, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndo Januari 2016 akaenda Genk Ubelgiji. Huko napo miaka minne, na ubingwa wa ligi. Aston Villa ni Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Hesabu ngazi izo. Kila ngazi kuna mtu alimwona akiwa anacheza mechi, mechi za kweli zenye refa na msimamo wa ligi, siyo kwenye picha. Na Mtanzania mwingine, Novatus Dismas naye, kapita akademi ya Azam, hapo Chamazi tu, kutoka huko ndo kafika mpaka kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar ya Ukraine mwaka 2023.

Baada ya simu ile nikabadilisha kabisa swali. Kabla nilikuwa nauliza akademi gani nzuri, saivi nauliza, hii akademi mlango wake wa mbele unafunguka wapi? Mtoto akifika 14, 15, 17, anatoka hapa anaenda wapi, nani anamwona, na jina lake limeandikwa wapi? Ile ya kwanza nilipowauliza waliniambia tuna koneksheni. Nikauliza mnacheza ligi gani, wakasema mabonanza. Chama cha soka cha wilaya hakiwatambui, hakuna mtoto hata mmoja aliyesajiliwa popote.

Sasa hii ya pili.

Ni mchangani, kwenye uwanja wa shule ya msingi, magoli ya mabomba hayana nyavu, upande mmoja kuna mteremko kiasi kwamba mpira ukipotea unaufuata mpaka kwa mama muuza mihogo. Ada 15,000, jezi ni bibsi tu za rangi mbili, ya mechi wanaazimwa wanarudisha. Siku ya kwanza Ibra alinuna. Kocha ni mtu mzima, kacheza ligi za huku chini zamani, kafanya kozi za ukocha, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nikakaa tena na simu yangu nikahesabu. Dakika kumi, niliacha kuhesabu nilipofika 60. Kila mtoto ana mpira wake au ni mmoja kwa wawili, namba nne, mingine imechakaa imeshonwa shonwa, na hakuna mstari. Wanagawanywa wanne kwa wanne kwenye vieneo vidogo wanacheza, anasimamisha, anaeleza neno moja, wanaendelea.

Kuna zoezi moja nililiona nikalipenda mno. Mtoto anasimama katikati, mmoja mbele yake ana mpira, mwingine nyuma yake kanyoosha vidole. Kabla pasi haijamfikia lazima ageuze shingo aangalie nyuma aseme vidole vingapi, ndo apokee mpira na ageuke. Ibra mara ya kwanza akasema vitatu wakati ni viwili, mpira ukampita katikati ya miguu. Kocha akamfuata, hakumfokea, akamshika mabega akamwambia, baba, mpira ukifika ndo unaangalia umeshachelewa, angalia kabla. Wakarudia pale mpaka jua linazama. Mwezi mzima mwanangu alikuwa anageuza shingo hata akitembea njiani, tunaenda sokoni namwona anachungulia nyuma begani. Siku hizi anacheza namba nane, kiungo wa kati, na hata mimi nisiyejua mpira naona, akipokea tayari anajua anaupeleka wapi.

Jingine ni daftari. Ana daftari kubwa la kaunta, kila mtoto kurasa zake, tarehe ya kuzaliwa, urefu anawapima kila baada ya miezi mitatu ukutani kwa chaki, amehudhuria lini, kacheza mechi gani dakika ngapi. Na faili la nakala za vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti hapokei, na ukimletea cha kuchonga anakurudisha nacho. Kuna baba alikuja anataka mwanae apunguzwe miaka miwili, nilikuwepo, kocha akamweleza taratibu kabisa. Kwamba mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 watoto wanapigwa picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono kuangalia mfupa kama umeshafunga, na mfupa hausomi cheti. Akamkumbusha 2017, Serengeti Boys walikwenda AFCON ya vijana kule Gabon kwa sababu Kongo Brazzaville, waliotutoa, walikatwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa mambo ya umri. Taifa zima la watoto wanaachwa nyumbani kwa sababu ya mtoto mmoja na watu wazima waliomzunguka. Yule baba akaondoka na cheti chake, na wiki iliyofuata akaja na cha kweli, mtoto yupo na anacheza vizuri tu na wa umri wake.

Na huku usajili upo. Timu inatambuliwa na chama cha wilaya, Temeke, inacheza ligi ya vijana, watoto wana leseni. Mimi nilidhani ni makaratasi ya kawaida, kumbe ndani yake kuna hela na kuna haki. Kocha alitueleza hivi, mchezaji akija kuuzwa kabla mkataba wake haujaisha, kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ile bei inagawanywa kwa timu zote zilizomlea toka mwaka aliotimiza 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mwaka unahesabiwa robo asilimia ya bei yote, kuanzia 16 kila mwaka nusu asilimia. Kwaiyo katimu ka mchangani kaliyomlea mtoto miaka ile minne ya mwanzo, akija kuuzwa dola milioni moja, wana haki ya dola 10,000. Elfu kumi dola kwa uwanja wetu ule! Ni nyavu, ni choo, ni mipira ya miaka kumi. Lakini lazima uwe umesajiliwa na jina la mtoto limeandikwa miaka hiyo, bila hivyo inaonekana kama alianguka tu kutoka mbinguni akiwa na miaka 17. Naumia nikifikiria wangapi wamelelewa na makocha wa mitaa yetu na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Kitu kingine nilichokipenda, anasubiri watoto wadogo. Ibra kazaliwa Novemba na kwetu hatuna urefu. Kwenye kundi la mwaka mmoja anakutana na mtoto wa Januari, miezi kumi yote hiyo, umri ule miezi kumi ni kichwa kizima cha urefu, na makocha wengi wanachukua wale wakubwa kwa sababu wanashinda leo. Ile akademi ya kwanza alikuwa anakaa benchi kwa ajili hiyo, waliniambia kabisa mama mwili hana. Huyu kocha anachofanya, siku nyingine anawapanga kwa urefu badala ya mwaka, wafupi wanacheza na wafupi wa mwaka wa juu, warefu na warefu. Wale warefu siku hiyo wanahangaika, mbio haziwasaidii, lazima wafikiri. Wale wafupi ndo unaona kumbe walikuwa na mpira siku zote. Na goti, nilimpa karatasi ya daktari, akampunguzia siku mbili za trening, akampa kazi ya kutuliza na kupiga pasi akiwa amesimama, miezi minne hivi maumivu yakaisha.

Shule. Kila muhula Ibra anapeleka ripoti kwa kocha kabla ya kwangu. Ukishuka sana unakuja uwanjani lakini unakaa pembeni na kitabu. Na watoto wake anawaruhusu wakacheze UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na wakubwa UMISSETA ya sekondari, hata kama ana mechi yake siku hiyo, anasema kule wanaonwa na watu ambao yeye hawezi kuwaita Mbagala. Ile ya kwanza ilikuwa marufuku kuchezea shule, eti mtoto ni mali ya akademi.

Na anasema ukweli, hili ndo gumu kulisikia. Kila Januari anaita wazazi anatuambia, kati ya hawa 64, nikibahatika wawili au watatu watafika timu ya vijana ya klabu kubwa, na wa kwenda zaidi ya hapo simuahidi mtu. Mwaka jana walikwenda watatu majaribio ya timu za vijana, mmoja kachukuliwa, wawili wamerudi. Niliwaangalia wale wawili waliorudi. Wiki ya kwanza hakuwasemesha mpira, aliwapa kazi ya kushika kundi la watoto wa miaka saba. Mmoja karudi kucheza na mwaka huu anajaribu tena, mwingine kamuunganisha na kozi ya urefa, saivi anashika kibendera kwenye mechi za wilaya na analipwa nauli. Ana miaka 17, na ukimwona anavyokimbia na ule mstari mgongo umenyooka, huwezi kusema mtoto yule kashindwa mpira.

Mabaya yapo na lazima niseme. Vumbi kali, kiangazi Ibra anakohoa usiku. Mvua ikinyesha hakuna trening na hutaarifiwa, simu kocha hapokei akiwa uwanjani, nimeshapanda daladala mara tatu bure. Choo ni cha shule na Jumamosi wakati mwingine kimefungwa, kwa wasichana hiyo ni shida kubwa. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo mpaka wazazi tukachanga, saivi lipo ila plasta zinaisha haraka. Msaidizi mmoja ni mkali kupita kiasi, nimemlalamikia kwa kocha, amepunguza. Na njumu nunua mwenyewe, ushauri wangu usinunue zile za vyuma kwa uwanja wa mchanga, chukua zenye meno mafupi mengi ya plastiki, mtumbani zipo nzuri tu, angalia soli isiwe imepasuka pembeni.

Kwa nyota, ya kwanza naipa moja, na hiyo moja ni ya uwanja. Ya pili nne. Ya tano nitaiweka siku choo kikiwa wazi.

Mliouliza kuhusu mabinti, wanapokelewa, wapo saba saivi, wanacheza pamoja na wavulana mpaka miaka 13 na kocha anatafuta timu ya wanawake ya kuwaunganisha wakizidi hapo, anawatajia sana Aisha Masaka aliyetoka Yanga Princess mpaka Sweden na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Trening ni Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, Jumamosi saa moja asubuhi. Ukienda kuangalia akademi yoyote beba simu, kaa benchi nusu saa, hesabu mwanao anagusa mpira mara ngapi, alafu kabla ya kulipa omba uoneshwe leseni ya mtoto mmoja tu aliyesajiliwa.